Tofauti Ipo, Dada Foibe

Dada Foibe,

Chumba chako cha maabara wamekifunga kwa kufuli jipya. Nilikwenda Mpwapwa na ufunguo wetu wa zamani, ule uliokuwa unaufunga kwenye pindo la khanga, ukakataa hata kuingia. Mlinzi akanitazama kwa huruma. Nikamwambia asinihurumie mimi, amhurumie aliyenunua kufuli. Ndani wamejaza madumu ya dawa ya kuoshea vyombo, ya yule mfanyabiashara wa mjini Dodoma mwenye duka la pembejeo. Siku hizi kila kitu ruksa, dada, hata chumba cha marehemu. Mtungi wako wa kuchemshia kivumbasi niliukuta nyuma ya choo, kuku wa mlinzi ameufanya kiota. Nikamwondoa kuku, nikachukua mtungi, mayai nikamwachia mlinzi.

Ninakuandikia kwa sababu nina habari, na hakuna mtu mwingine ambaye nilitaka aipate kwanza. Lakini nivumilie nianzie mbali. Nikianzia mwisho nitalia, na leo sina mpango wa kulia. Leo nina hasira, ile uliyokuwa unasema ni kifaa pekee cha maabara ambacho serikali haikutununulia.

Unamkumbuka yule mgambo? Tulikuwa tumeinjika mtungi nje, kivumbasi kinachemka, bomba limepita kwenye ndoo ya maji baridi, na mafuta yanadondoka kwenye chupa tone kwa tone. Akaja ananusa hewa kama fisi, ana hakika kabisa kwamba wanawake wawili wa mradi wa maziwa wanapika gongo mchana kweupe. Wewe hukubishana. Ulimkingia kidogo kwenye kikombe ukamwambia, "Onja, afande." Akaonja. Alitema mpaka machozi yakamtoka, na wewe ukamkalisha kwenye kigoda ukamsomesha habari za bakteria hadi akaomba ruhusa ya kuondoka. Tangu siku hiyo akituona anavuka barabara.

Na mimi ulinisomesha hivyo hivyo. Nilitoka Kondoa na cheti changu cha ufundi wa maabara, najiona najua. Ukachukua keni ya maziwa iliyotoka kuoshwa kwa klorini, inameremeta, ukaniambia nitie kidole ndani, chini kabisa, pale ukingoni. Kulikuwa na utelezi. Ukasema, "Huo ndio utando. Bakteria akiwa peke yake klorini inammaliza. Wakikaa pamoja wanajijengea tembe. Klorini inanyesha juu ya paa, wao wako ndani wanaota moto." Ndiyo maana maziwa ya akina mama yalikuwa yakichacha kabla hayajafika Dodoma, wakarudishiwa na maneno juu, kwamba ni wachafu. Wachafu! Mama anayeosha keni mpaka mikono inachubuka.

Wewe ulitaka kuingia ndani ya hiyo tembe. Mafuta ya kivumbasi yanaua bakteria, hilo tuliliona. Lakini ukiyamwaga hivi hivi yanaelea juu ya maji, yanapotea hewani, na yanayobaki yanaharibu maziwa. Mzee mmoja alionja akasema yananuka kama kitanda cha mgonjwa. Ndipo ukawaza kuyafungia. Ukaloweka gundi ya mgunga mpaka ikawa nzito, ukayapiga mafuta humo, kisha ukayavisha nta ya nyuki, zikatoka punje ndogo kama uwele. Za kwanza zilielea zote, nikakucheka. Ukazidisha gundi, zikazama. Ukitia punje kwenye keni pamoja na maji ya vuguvugu, nta inalainika, punje inanata kwenye utando, gundi inavimba taratibu, na mafuta yanatoka pole pole yakiwa tayari ndani ya nyumba. "Tunaingia kama wageni," ulikuwa ukisema, "tukishakaribishwa ndipo tunaanza fujo."

Maabara ilikubali. Ikabaki kijiji, na kijiji ulichochagua ni chenu, ng'ambo ya korongo, kwa sababu uliwaamini.

Nimewaza sana juu ya siku ile ya baraza. Ulisimama mbele ya mama zako, na wageni wa mradi wameketi kwenye viti vya shule. Ukaeleza kwa Kigogo, halafu kwa Kiswahili kwa ajili yetu. Nyumba hizi zitatumia keni zenye punje. Nyumba hizi zitatumia keni tupu, zenye alama nyekundu, zioshwe kwa maji tu. Ukasema na lile la moshi. Kwenu chombo cha maziwa hakipokei maziwa kabla ya kufukizwa: mama anaingiza ukuni unaowaka, anautikisa ndani, anafunika mpaka moshi unywewe, kisha anapangusa masizi. Ukawaomba, kwa jaribio hili, wasifukize keni zozote za mradi. Hata moja. Wakaitika wote, "Ndiyo, mwanetu." Mama yako ndiye aliyeitika kwa sauti kuliko wote.

Jibu lililotoka unalijua. Keni zenye punje, safi. Keni zenye alama nyekundu, safi vile vile. Tulirudia kupima mpaka nikaanza kuyachukia macho yangu. Kwenye kikao cha Dodoma, Mkurugenzi wa mradi hakukupa hata nafasi ya kumaliza. Yule mfanyabiashara ameketi pembeni na dumu lake la mfano mezani, lina picha ya ng'ombe mnene ambaye Ugogo hajawahi kufika. "Hakuna tofauti," Mkurugenzi akasema. "Foibe, umetupikia mboga." Wakacheka. Mimi nilitazama viatu vyangu. Wewe ulimtazama yeye.

Tukapanda basi, tukaipita Kongwa. Halafu ukasema, kama unaongea na dirisha, "Kuna kitu hatujakiona, Zaituni. Kitu kipo."

Kabla mvua hazijakatika malaria ikakupanda kichwani, ukaondoka. Watu walinong'ona, dada, sitakuficha. Walisema umekufa kwa aibu, eti kikao kile kimekuvunja moyo. Nilimsikia mmoja akilisema hilo palepale msibani, nikamwambia mbele ya watu kwamba Foibe ameuawa na malaria, na kama aibu inaua, yeye angekuwa wa kwanza kuzikwa. Najua si adabu za msibani. Wewe ungenikata jicho, halafu ungecheka ukifika nyumbani.

Ni kwenye matanga yako nilipokiona kile kitu.

Nilikuwa jikoni na wanawake, tunatayarisha chai ya waombolezaji. Wameleta keni za mradi, maana ndivyo vyombo vikubwa walivyonavyo. Nikashika moja yenye alama nyekundu, ile rangi niliyoipaka mwenyewe. Ilikuwa tupu, bado haijatiwa maziwa, na ilikuwa ya moto kwa ndani. Nikafungua kifuniko. Moshi ukanipiga usoni. Kwenye mkunjo wa kifuniko kulikuwa na masizi kidogo ambayo kitambaa hakikuyafikia.

Maziwa ya kwenu yote yananukia moshi, kwa sababu yanalala kwanza kwenye vibuyu. Ndiyo maana hatukushtuka hata siku moja. Pua zetu zilishazoea. Lakini keni tupu haina kisingizio.

Nikauliza ni nani aliyeifukiza. Kila mmoja akawa na sufuria la kukoroga. Mama yako alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunika. Ndiye aliyejibu. "Ni sisi sote. Tangu mwanzo. Mwanangu amekuja na wageni wa serikali. Nimpe mwanangu maziwa kwenye chombo kisichofukizwa, wageni waseme kwao ni wachafu?" Na mwingine akadakia kwamba masizi walikuwa wakiyapangusa vizuri, ili usikasirike.

Nikacheka. Kwenye matanga yako, dada, nilicheka mpaka nikakaa chini, wakanimwagia maji wakidhani msiba umenipanda kichwani. Kisha nikawakasirikia. Kisha nikakukasirikia wewe. Wewe ni mtoto wa pale! Ulipaswa kujua kwamba mama hawezi kumwambia mwanawe hapana mbele ya wageni, na vile vile hawezi kumpa maziwa kwenye chombo kibichi. Wamekuitikia kwa heshima, wamekuharibia kazi kwa heshima hiyo hiyo. Hawakuwa na njia nyingine ya kukupenda.

Lakini hasira ilipotulia nikaona. Hakukuwa na keni tupu. Kila keni ilikuwa imefukizwa, yenye punje na isiyo na punje, na moshi ulikuwa umefanya kazi kabla punje hazijapata nafasi ya kuonyesha lolote. Tulikuwa tumeziweka punje zako kushindana kwenye nyumba ambayo wezi walishafukuzwa. Kwa hiyo hakuna aliyethibitisha kwamba hazifai. Hakuna aliyezipima kabisa!

Nikapanda basi, nikaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, na vumbi langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Akasema hizo ni habari za matanga. "Niletee keni ambayo haijafukizwa," akasema, "nyumba zile zile, ng'ombe wale wale, maji yale yale. Ndipo tuzungumze." Kilichoniuma zaidi ni kwamba wewe ungesema vile vile, neno kwa neno. Muda si mrefu jina langu likaonekana kwenye orodha ya wanaopunguzwa kazini. Wakatupa mkono wa kwaheri na hotuba kuhusu uchumi. Sasa naishi Nkuhungu, mjini Dodoma, kwa mama mdogo, na wapangaji wenzetu wanalalamika kwamba ua mzima unanukia kivumbasi. Wakikaa vibaya nitapanda na kwenye mlango wao.

Nikarudi kwa mama zako kuomba. Nilipita nyumba kwa nyumba. Walinipa uji, walinipa karanga, walinipa kuku mzima nije naye mjini. Keni isiyofukizwa hakuna aliyenipa. "Lolote jingine, Zaituni. Hilo usituombe." Nilipendekeza tufanye kwa siri, nikaona nimewatukana. Nikapendekeza nioshe keni mimi mwenyewe na wao wasihusike, wakauliza kama nitamkamua na ng'ombe. Kwao chombo kibichi si uvivu mdogo. Binti akiolewa, ndicho kitu cha kwanza ambacho mama mkwe anakwenda kunusa.

Mama yako alikataa kuliko wote. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha hata kigodani. "Umemzika mwenzio," akasema, "sasa unataka unizike na mimi." Akaingia ndani.

Nilikaa karibu na korongo nikafikiria kuacha. Nakuambia ukweli. Nilifikiria kwamba labda haki ya marehemu ni kuachwa na mama yake kwa amani. Halafu nikasikia ile sauti ya kikao, "umetupikia mboga," na nikaona sitaweza kuishi na sauti hiyo. Nikasimama nikajipangusa mchanga. Niliamua nitarudi kila nitakapopata nauli, niketi mlangoni kwake nimsaidie kupeta uwele, nisiseme neno la keni mpaka yeye aseme. Na ndivyo nilivyofanya. Tulipeta uwele. Alinifundisha wimbo wa kupetea, nikaukosea, akanirekebisha. Jina lako hatukulitaja, ingawa mimi kila nilipofika nilisema, "Shikamoo, Mama Foibe," na kila mara alisita kidogo kabla ya kuitika.

Uwele ulipokwisha kuingizwa ghalani, nililala kwake. Asubuhi wakati wa kukamua nikamwona ametoka na keni yenye alama nyekundu. Jiko lilikuwa linawaka, kuni zipo. Hakuchukua ukuni. Alikwenda zizini, akakamua, akamimina humo humo. Kisha akajitwika, akaanza kutembea kwenda kituo cha kukusanyia maziwa, ingawa kwa kawaida maziwa hupelekwa na wajukuu. Nilimfuata nikamshauri afunike keni kwa khanga ili watu wasinuse. Akakataa. Alipita mbele ya nyumba za wenzake moja baada ya nyingine, na kila aliyemsalimia aligeuza pua. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

Tulipofika kituoni akatua keni, akapumua, akasema, "Foibe aliniomba hili, nikamwitikia ndiyo ya mdomo. Hii ndiyo ya kweli. Nimechelewa."

Hapa kalamu imesimama, dada.

Aliendelea hivyo kila siku. Keni moja tupu, haijafukizwa. Nyingine ina punje zako, nilizotengeneza Nkuhungu, haijafukizwa. Ya tatu imefukizwa kama kawaida. Maneno yalisemwa, ya kisimani na ya kanisani. Kuna waliosema uzee umemwingia kichwani. Alikuja jirani mmoja kumsema, na mama yako akamwuliza kama anaye mtoto aliyekufa akimdai neno. Jirani akaondoka. Baada ya muda jirani huyo huyo akaleta keni yake, haijafukizwa, akaiweka chini bila kutazama mtu usoni. Wakafuata wengine.

Siku ya kupima sikuanza na darubini niliyoiazima. Nilimwambia mama yako atie kidole. Akaingiza mkono kwenye keni tupu, mpaka chini, pale ukingoni uliponionyesha wewe. Akautoa, akasugua vidole. Utelezi. "Kumbe ndiye huyu," akasema. Akaingiza kwenye keni yenye punje zako. Akasugua vidole, akasugua tena, akanitazama. Vilikuwa vinakwaruza kama vimetoka kuoshwa. Akaketi pale pale sakafuni, na sasa ndipo akakulilia. Msibani alikuwa amejikaza.

Akataka kuja Dodoma mwenyewe. Safari nzima alizipakata keni kama watoto; kondakta akataka kuzipandisha juu ya keria, mama yako akamtazama mara moja tu na kondakta akapita. Ofisini Mkurugenzi alisoma karatasi zangu za majibu ya maabara, akavua saa, akakunja mkono wa shati. Akatia mkono keni hii. Akatia mkono keni ile. Alitoka nje akaenda bombani, akanawa muda mrefu. Aliporudi alisimama, hakuketi.

"Tofauti ipo," akasema. "Lakini mradi umefungwa. Fedha hakuna."

Nikamwambia sikufuata fedha. Nimefuata neno lake. Lile alilolisema mbele ya watu alirudishe mbele ya watu. Mkurugenzi akamwita karani na wale wa chumba cha pili, na wakiwa wamesimama mlangoni akasema kwamba kazi ya Foibe haikupimwa sawasawa, kwamba imepimwa upya, na kwamba tofauti ipo. Ikawekwa kwenye faili kwa maneno hayo hayo. Hakuna aliyepiga makofi. Mama yako akaniuliza kwa kunong'ona wamesemaje, nikamweleza. Akakaza khanga kiunoni, akasema, "Basi twende. Ng'ombe wananingoja."

Kwa hiyo hiyo ndiyo habari, dada. Chumba hawakurudisha. Kazi hawakunirudishia. Madumu yenye picha ya ng'ombe mnene yanauzwa mpaka Ipagala, na utelezi uko pale pale chini yake. Wasidhani wamemaliza. Mtungi ninao. Nyuki wa Ugogo hawajabinafsishwa, migunga haijabinafsishwa, na kivumbasi kinaota hata kwenye mtaro wa ofisi yao.

Tulipofika nyumbani, mama yako hakupumzika. Aliweka ukuni motoni, akasubiri ushike, akauingiza kwenye ile keni yenye alama nyekundu, akaitikisa na kuifunika. Aliupa moshi muda wake wote. Majirani walikuwa wamesimama kwenye nyua zao wanatazama, na yeye alijua. Akafunua, akapangusa masizi, akanusa, akaridhika. Nikadhani ameachana na punje. Ndipo akaninyooshea kiganja.

"Nipe na zile za Foibe," akasema. Nikamtilia punje kiganjani, naye akazimimina ndani.

Sitakuambia ulale salama, maana hukuwa mtu wa kulala kazi ikiwa haijaisha, na haijaisha. Ninakuahidi hivi: maadamu nina pumzi, hakuna atakayetaja punje zile bila kutaja jina lako, na hakuna atakayemwita mama yule mchafu nikiwa nasikia. Kwaheri, dada. Nakwenda kuinjika mtungi.

Mdogo wako,
Zaituni